Ghala Limejaa, Mbona Mtoto Amedumaa?

Barua zinazohusu lishe ya watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu yote ya mwezi huu tumeamua kuwaachia walioziandika. Nimechagua nne. Maneno nimeyafupisha bila kugeuza maana, na majina nimeyaondoa, kwa kuwa mambo ya mtoto ni ya nyumba yake.

SWALI

*Mtaalamu, nakusalimu. Mimi na mume wangu ni wakulima wa hapa Makambako, mkoani Njombe. Tunavuna mahindi, maharage na viazi, na hatujawahi kulala njaa. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ametimiza miaka mitatu. Anakula ugali wake mpaka anashiba, anacheza vizuri na wenzake, wala si mtu wa kuuguaugua. Kliniki wamempima urefu wakaniambia amedumaa. Mama mkwe anasema ukoo wao ni wa watu wafupi, nisihangaike. Nimsikilize nani?*

*Mama wa watoto wawili, Makambako*

JIBU

Mama, wasikilize wa kliniki, lakini mama mkwe usimlaumu, maana hoja hiyo ya ukoo nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Ni kweli kwamba urefu wa mtu mzima hurithiwa kwa sehemu kubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, hata hivyo, mambo ni tofauti. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua mtoto anayetunzwa vizuri hukua vipi, lilifuatilia watoto wa nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, ambao walinyonyeshwa maziwa ya mama, wakapewa chakula cha kufaa na kutibiwa kila walipougua. Ilionekana kwamba watoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walirefuka karibu sawasawa, ingawa wazazi wao hawafanani hata kidogo. Viwango vilivyotokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 2006, na ndivyo vinavyotumika kliniki hadi leo. Kwa viwango hivyo, mvulana wa miaka mitatu kamili huwa na urefu wa katikati wa kama sentimita 96, na yule asiyefikia sentimita 88.7 huhesabiwa kuwa amedumaa. Mtoto wa ukoo mfupi aliyelishwa vizuri anaweza kuwa chini kidogo ya ile 96. Kushuka chini ya 88.7 mara nyingi huwa na sababu nyingine.

Barua yako imenigusa kwa sababu imetoka Njombe. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Lakini mkoani Iringa walikuwa 57 katika 100, na katika mikoa ya Njombe na Rukwa walikuwa takriban 50. Hii ndiyo mikoa inayolilisha taifa. Malori yanayopeleka mahindi Dar es Salaam na kwingineko yanatoka huko kwenu. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba mwanao amedumaa kwa kukosa chakula, na wewe usijione mzembe. Tunachopaswa kukitazama ni kile kinachofika kwenye sahani ya mtoto, mara ngapi kwa siku, na nani anayemkalia karibu anapokula.

Nimekaa katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini wakati wa chakula cha jioni, na picha ninayoiona ni karibu ile ile. Ugali unaepuliwa, unawekwa katikati, na bakuli la maharage au la mboga linawekwa kando yake. Wakubwa wanamega, wanachovya na kuokota. Mtoto wa miaka mitatu anamega tonge kubwa kuliko mdomo wake, analichovya kwenye mchuzi juu juu, na kabla hajalimaliza wenzake wamekwisha kumega mara tatu. Anaposhiba, alichokula ni ugali na mchuzi. Maharage yenyewe, kipande cha nyama chenyewe, vimeondoka na vidole virefu. Mama anasema kwa haki kabisa, "Amekula, tena ameshiba," na hadanganyi. Lakini mchuzi ni maji yenye ladha. Protini na madini vimebaki ndani ya ile punje ya harage na ndani ya ile nyama, ambavyo mtoto hakuvipata.

Ugali pekee haumjengi mtoto. Tumbo lake ni dogo. Hupokea kwa mlo mmoja takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake mtoto wa kilo 12 hujaa kwa chakula kisichofika nusu lita. Nafasi hiyo ndogo ikijazwa wanga na maji, kitu kingine hakipati pa kuingia. Tena protini ya mahindi ina kasoro: imepungukiwa na lisini, kijenzi kimojawapo cha protini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe na bila hiyo hauwezi kujenga misuli na viungo ipasavyo. Maharage yana lisini ya kutosha. Ndiyo sababu mahindi na maharage vikiliwa pamoja, kila kimoja kwa kiasi cha kuonekana, hufanya kazi ambayo kimoja hakiwezi kuifanya peke yake. Na kama mahindi yenu mnayakoboa kwanza ndipo mnasaga sembe, kiini na ganda vinavyobaki mashineni au kupewa kuku ndivyo vilivyokuwa na sehemu kubwa ya vitamini, mafuta na madini. Dona haina weupe wa kupendeza, lakini kwa mtoto ina faida zaidi, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri na hayana ukungu.

Jambo la pili ni idadi ya milo. Msimu wa kilimo unapoanza, mama anatoka alfajiri na kurudi jua likielekea kuzama, na mtoto anaachwa na dada yake wa miaka tisa pamoja na kiporo. Anakula asubuhi na usiku, basi. Hili si geni mkoani Iringa, ambao zamani ulijumuisha pia Njombe yenu. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za serikali ya Italia. Watoto walipimwa uzito pale pale kijijini, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujadili kwa nini huyu amepungua na yule hakupungua. Kati ya mambo waliyoyakazania ni hili la mtoto kulishwa mara nyingi zaidi kwa siku, na la kuwa na mahali pa kumwacha ambapo atalishwa mama akiwa shambani. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka michache. Huwa naukumbuka mpango huo kila ninaposikia kwamba lishe ni jambo la wenye fedha.

Sasa ufanyeje? Mpe mwanao sahani yake mwenyewe, usimwache ashindane sinia moja na wakubwa. Mwekee ugali wa kiasi, maharage yaliyopondwa yawe mengi kuliko mchuzi wake, na majani ya maboga au mchicha uliotiwa kijiko cha mafuta, kwa sababu vitamini A ya mboga za majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Apate milo mitatu, na katikati apate vitu viwili vidogo. Njombe ni nchi ya parachichi. Yale yenye makovu ambayo wanunuzi wanayakataa hayana kasoro yoyote kwa mtoto. Nusu parachichi lililopondwa na chumvi kidogo lina nishati nyingi katika ujazo mdogo, na hicho hasa ndicho tumbo dogo linachohitaji. Kuku wenu wakitaga, yai moja kwa siku liwe lake kabla halijawa la gulioni. Najua yapo maeneo ambako husemwa kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema au atakuwa mwizi. Hakuna ukweli ndani yake, na imani hiyo imewanyima watoto wengi chakula bora kilichokuwa kikitembea uani.

Sitakuficha: sehemu kubwa ya kudumaa hutokea tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na urefu uliopotea katika siku hizo 1,000 mara nyingi haurudi wote. Hata hivyo mtoto wa miaka mitatu bado anakua, ubongo wake bado unajengwa, na akianza kula vizuri leo atakuwa na damu ya kutosha na nguvu ya kupambana na maradhi. Na barua yako inasema una watoto wawili. Huyo mdogo, ambaye bila shaka hajavuka siku zake 1,000, mpeleke naye akapimwe urefu mwezi huu huu, si uzito peke yake.

SWALI

*Ninaishi na mjukuu wangu wa miaka minne hapa Tandika, Dar es Salaam. Mama yake anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Asubuhi mtoto anakunywa chai ya rangi na maandazi mawili, mchana anakataa wali, akipewa mia mbili anakimbilia dukani kununua biskuti, jusi za pakiti na aiskrimu za kifuko. Si mwembamba, mashavu anayo. Ila siku hizi namkuta anatafuna mchele mbichi, na juzi nimemkuta anakwangua ukuta wa udongo anakula. Majirani wanasema ni minyoo. Ni minyoo?*

*Bibi, Tandika*

JIBU

Bibi, shikamoo. Ninakushukuru kwa jicho lako, maana wengi wangeyaona mashavu wakaridhika.

Mtoto anayetafuna mchele mbichi au udongo mara nyingi ana upungufu wa madini chuma mwilini, na kwa hiyo damu yake imepungua. Minyoo inaweza kuwa chanzo kimojawapo, hasa safura, ambayo hunyonya damu tumboni. Kwa hiyo majirani hawajakosea sana. Malaria nayo huharibu damu. Nakuomba umvute kidogo kope la chini umtazame kwa ndani, kisha ukilinganishe kiganja chake na cha mtoto mwenye afya. Pakiwa peupe, umpeleke zahanati bila kungoja wiki ijayo, apimwe wingi wa damu, malaria na choo. Hata pasipokuwa peupe, kule kula udongo kunatosha kuwa sababu ya kumpima. Usimnunulie dawa ya kuongeza damu kwa kukisia, kwani kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto, na ikizidi ni sumu. Tatizo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watoto 58 katika kila 100 nchini, wenye umri wa miezi 6 hadi 59, wana upungufu wa damu.

Sasa tuizungumzie chai. Majani ya chai yana kitu kinachoyafunga madini chuma yaliyomo kwenye chakula yasiingie mwilini, na hufanya hivyo zaidi kwa vyakula vya mimea kama maharage na mboga. Mtoto anayekunywa chai ya rangi pamoja na mlo hupata hasara mara mbili: tumbo limejaa maji yenye sukari, na hata chuma kidogo kilichokuwamo kimezuiwa. Mwondolee chai kabisa. Asubuhi apewe uji wa ulezi wenye maziwa, au maziwa yenyewe na kiazi kitamu. Yale maandazi si haramu, Bibi, lakini yasiwe ndiyo kifungua kinywa kizima kila siku.

Mchana mpe chakula ambacho chuma chake mwili hukipokea kwa urahisi. Maini ya kuku ni bei nafuu na laini kwa meno yake. Dagaa nao ni hazina: waondoe vichwa kama wana mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakaange bila mafuta hadi wakatike kwa vidole, uwatwange na miiba yao, kisha uchekeche. Unga huo, kijiko kimoja cha chakula kwenye mchuzi wa wali wake, humpa protini, chuma, na chokaa ya mifupa, wala hatauona. Siku ya maharage au mchicha, kamulia limau au umpe kipande cha chungwa au pera hapo hapo, kwa sababu vitamini C huufungulia mlango ule ule ambao chai huufunga.

Kuhusu mia mbili, nina maoni makali kidogo. Mtoto aliyekula biskuti saa tano hawezi kuwa na njaa saa saba, na hilo si ukaidi. Hiyo fedha ikusanywe siku nne inunue mayai. Kitu kitamu akipate baada ya kula, si kabla, na chakula kiwe na saa zake. Akikataa, usimlazimishe wala usimpigie kelele. Ondoa sahani kwa upole, umpe tena baada ya muda, bila kumpa kingine katikati. Zitapita siku mbili tatu za machozi. Mweleze na mama yake mpango huu, ili Jumapili asirudi na mfuko wa peremende.

SWALI

*Mke wangu anamnunulia binti yetu wa miaka miwili na nusu unga wa lishe sokoni, wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga. Muuzaji anasema kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo lishe inavyoongezeka. Mtoto anakunywa vikombe vitatu kwa siku lakini uzito umesimama miezi miwili. Tuongeze nini?*

*Baba, Morogoro*

JIBU

Ndugu yangu, msiongeze, punguzeni. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama vyote ni nafaka; kuvichanganya vitano ni kuandika jambo moja mara tano. Nafaka moja, au mbili, inatosha.

Karanga na soya ndizo zinazonitia wasiwasi. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa wiki kadhaa mafuta yake huchacha, na kama zilihifadhiwa vibaya zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Ukishanunua unga uliosagwa tayari, huwezi kujua karanga zilizoingia zilikuwa zipi. Soya nayo ikisagwa bila kuchemshwa au kukaangwa vizuri ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na watoto wengine huharisha. Nunueni ulezi au mahindi makavu ambayo hayajasagwa, mkasage wenyewe, lakini kwanza mchague punje kwa punje na kutupa zilizooza au kubadilika rangi. Karanga ziwekeni pembeni, zichaguliwe vivyo hivyo, zikaangwe na kusagwa kidogo kidogo, na zitiwe kwenye uji siku ya kuupika.

Lakini sababu ya uzito kusimama huenda iko kwenye kikombe. Ili uji unyweke, mama huongeza maji, na vikombe vitatu vya uji mwepesi vina chakula kidogo mno. Uji wa mtoto unapaswa kukaa kwenye kijiko ukiinamishwa. Kwa mtoto asiyependa uji mzito kuna ufundi ambao wataalamu wa lishe hapa nchini waliufanyia kazi miaka ya 1980, nao ni kimea, kile kile ambacho bibi zetu walikitumia kwenye togwa. Loweka ulezi usiku kucha, uumwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu siku mbili mpaka uchipue, uanike juani ukauke kabisa, usugue vichipukizi vitoke, kisha usage. Pika uji mzito kama ugali laini. Uache upoe mpaka kidole kinavumilia, utie kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utauona unalegea mbele ya macho yako, kijiko kilichokuwa kimesimama kinaanguka ubavuni, ingawa hukuongeza tone la maji. Urudishe motoni uchemke mara moja, uongeze maziwa au karanga. Kikombe ni kile kile, lakini kimebeba karibu chakula cha sahani.

Kumbukeni pia kwamba mtoto wa miaka miwili na nusu ana meno. Uji uwe mmoja wa milo yake. Mingine ale chakula cha familia. Na kwa kuwa uzito umesimama miezi miwili, mpelekeni kliniki pamoja na hayo.

SWALI

*Ninafundisha darasa la awali wilayani Mufindi. Nina mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mchangamfu, sasa anakaa peke yake, amekuwa mnene usoni na miguuni, na nywele zake zimekuwa nyepesi na nyekundunyekundu. Nyumbani wanafurahi kwamba amenenepa.*

*Mwalimu*

JIBU

Mwalimu, huyo hajanenepa. Mbonyeze kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo wake, uhesabu taratibu hadi tatu, uachie. Ukiona shimo limebaki, ufanye vivyo hivyo mguu wa pili. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, hiyo ni dalili ya unyafuzi, ambao wengi tunauita kwashakoo, nao ni hatari hata kama mkanda wa kupima unene wa mkono unaonyesha rangi ya kijani, yaani ya usalama, kwa sababu maji yaliyojaa mwilini huficha misuli iliyokwisha.

Apelekwe kituo cha afya leo. Msimpe chakula kingi kwa pupa mkidhani mnamwokoa. Mwili uliokaa hivyo hauwezi kukipokea kwa wingi ghafla, na hospitalini wataanza na maziwa maalumu kwa kiasi kidogo kidogo, usiku na mchana, huku wakimtibu maambukizi ambayo mara nyingi hayaonyeshi hata homa. Njiani afunikwe vizuri, kwani watoto hawa hupoa mwili upesi, na baridi ya Mufindi unaijua.

Neno kwashakoo limetoka kwa Waga wa Ghana, na aliyeliingiza kwenye vitabu vya tiba mwaka 1935 ni daktari Cicely Williams, aliyewasikia akina mama wakisema kwamba ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake. Kwa hiyo ukifika nyumbani kwao, zungumza na mama yake kwa heshima, bila kumwaibisha mbele ya watu, na umwulize kama ana mwingine mgongoni. Kama yupo, waende wote watatu.